Mbwa wangu anajua kuogelea ila hajui kutoka

Toleo lililopita nilitupia kiswali kimoja tu kule chini ya ukurasa, nikauliza kama kuna mtu mbwa wake ashawahi kudumbukia kwenye bwawa la kuogelea. Jamani! Mmeandika mpaka mhariri kaniuliza nimewachokoza na nini. Nimechukua machache, mengine nimeyaunganisha maana yalikuwa yanauliza kitu kilekile. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi kazi yangu kufundisha mbwa, na kabla ya hapo nimesafisha mabwawa ya watu miaka kadhaa, kwa hiyo haya ya leo nimeyaona kutoka pande zote mbili.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mbwa wangu Bosi ana miaka 2, chotara mkubwa, anaogelea vizuri sana na sijawahi kuwa na wasiwasi nae. Juzi tuko ndani tukasikia kama mtu anakwaruza ukuta, natoka nje namkuta kwenye maji, kang'ang'ania ukingo kwa miguu ya mbele, anahema, macho yamemtoka. Ngazi za kushukia zipo upande wa pili pale pale, hata hatua 10 hazifiki, na ndo anazotumia kila siku tukiwa nae majini. Kwa nini hakuzifuata? Alisahau? Mume wangu anasema mbwa mjinga, mi nakataa.

JIBU: Dada yangu, mwambie shemeji Bosi kafanya kile ambacho mbwa karibu wote hufanya. Mbwa akidumbukia bila kutarajia, kichwani kwake kunakuwa na wazo moja tu, arudi alikotoka. Anageuka, anauona ukingo uko hapo usoni kwake, anajaribu kuupanda. Na hapo ndo shida inaanza, maana ukuta umesimama wima, tailizi zinateleza, maji yako chini ya ukingo kama sentimita 10 au 15 hivi, na ukingo wenyewe mabwawa mengi umetokeza kidogo kuelekea majini kama mdomo. Nchi kavu Bosi anaruka ukuta kwa sababu miguu ya nyuma inasukuma ardhi, sasa kwenye maji marefu inasukuma nini? Hamna kitu. Kwa hiyo anakwaruza, anateleza, anapumzika kidogo, anakwaruza tena pale pale, na nguvu zinaisha. Nimewahi kuona bwawa la mteja lina michirizi ya kucha sehemu moja tu, upana wa mkono wangu, kwingine kote kusafi. Mbwa yule alipona kwa bahati, mtunza bustani alikuwa anapita.

Alafu jaribu kitu kimoja, shuka kwenye maji mpaka kidevu kiguse maji, uangalie zile ngazi. Huzioni! Wewe ukisimama juu unaziona vizuri kabisa, yeye macho yake yako usawa wa maji, anachoona ni kuta nne zinazofanana. Siku zote mnapokuwa nae, Bosi anawafuata nyie, hafuati ngazi. Nyie ndo mlango wake, na siku hiyo mlango ulikuwa ndani ya nyumba.

Kwa hiyo anachotakiwa kufundishwa ni kutoka, kutoka peke yake, na kutoka kila upande wa bwawa. Mvalishe mkanda wa kifuani (sio kola ya shingoni, ukiivuta kwenye maji unamkaba), funga kamba ndefu, ingia nae. Mwanzo kabisa usimpeleke popote, mweke tu kwenye ngazi ya juu ambayo anasimama, mwache atoke, akitoka msifie kama kashinda kombe na mpe kitafunwa anachokipenda. Arudi, atoke. Arudi, atoke. Akishazoea shuka nae ngazi inayofuata, kisha mpeleke mbali kidogo mita moja mpaka miguu haigusi chini, muelekeze, mwache aogelee mwenyewe kuja. Dakika 10 zinatosha kwa siku, ukimchosha anaanza kuchukia maji na hapo umeharibu. Kesho yake mbali zaidi, keshokutwa mbali zaidi.

Sasa sehemu ambayo watu wengi wanaikimbia: mkishafika hapo, anzia pale alipokwama. Mshushe taratibu ukiwa umemshika, kwenye ukuta uleule, kona ileile, upande wa maji marefu. Ataenda ukutani, lazima. Usimvute kichwa, mgeuze kiwiliwili mpaka pua itazame ngazi halafu mwachie. Rudia mpaka ukimshusha anageuka mwenyewe. Alafu hamia ukuta mwingine, na mwingine, maana mbwa hajumlishi mambo kama sisi, ukimfundisha kutokea kaskazini hajui kama kusini nako habari ni ileile. Mazoezi ya mwisho wewe unakuwa nje ya maji, kamba imelegea mkononi, umekaa kimya, unaangalia anafanya nini. Akitoka bila kukutazama, sawa. Akikutazama wewe kwanza, bado.

Kinachosaidia sana ni alama. Weka kitu kirefu pembeni ya ngazi, chungu kikubwa cha mmea au mti wenye bendera, kiwe juu vya kutosha aone akiwa majini, na kisihamishwe hata siku moja, hata mkiwa na sherehe. Rangi chagua njano au nyeupe. Mbwa anaona bluu na njano vizuri ila nyekundu na kijani kwake zinafifia zinakuwa kama rangi moja chafu hivi, kwa hiyo bendera nyekundu inayokupendeza wewe yeye haimuiti.

Na wale mnaosema mtupe tu atajifunza mwenyewe, hapana. Atakachojifunza ni kwamba wewe unatupa watu.

SWALI: Kaka mi bwawa letu halina ngazi za kujengwa, lina ile ngazi ya chuma ya wima tu. Nimeona kuna rampu za mbwa zinauzwa ila naona bora nitengenezewe. Fundi anasema atakata plaiwudi, afunge na kamba pembeni, basi. Itafaa?

JIBU: Ile ya chuma sahau kabisa, mbwa haipandi, ni ya miguu ya watu. Fundi wako wazo lake zuri ila kaishia njiani. Plaiwudi iliyofungwa kamba itaelea juu ya maji, sasa mbwa anavyoogelea kifua kiko chini ya maji, atafika pale ataigonga kwa kifua, ataweka mguu mmoja juu, ubao utazama upande huo na kumkimbia. Akijaribu mara mbili ukamkimbia, hatarudi tena, atakwenda zake ukutani kukwaruza.

Rampu inayofanya kazi ncha yake ya chini iko ndani ya maji, inamsubiri. Iwe chini kiasi kwamba akifika, miguu ya mbele inatua juu yake yenyewe bila kuinuliwa, alafu anatembea tu, kina kama cha kifua chake kinatosha. Ncha ya juu ifungwe kwenye sakafu kwa bolti na bawaba, sio kamba, ili isihame hata sentimita ila uweze kuinyanyua ukitaka kusafisha. Katikati chini weka kitu cha kuelea, hata madumu matupu ya plastiki yaliyofungwa vizuri yanafaa, na kule ncha ya chini uzito kidogo, ili isisimame wima wala isielee yote. Upana uwe wa mbwa mmoja na nusu. Mteremko, angalia hivi: kama wewe mwenyewe ukiutazama unaona hapa ningeshika kitu ndo nipande, basi ni mkali, ongeza urefu. Kosa ninaloliona kila mara ni hilo, watu wanaonea huruma mbao wanatengeneza fupi.

Juu yake gonga raba yenye vinundu au kapeti fupi la nje, maana mbao iliyopakwa rangi ya mafuta ikilowa ni sabuni. Usitumie wavu wa matundu makubwa, kucha zinanasa na mbwa aliyenasa kucha akiwa majini ni balaa lingine. Misumari yote vichwa vizame. Plaiwudi ya kawaida itavimba na kubanduka, tafuta ile ya boti au utumie mbao ngumu. Na kama bwawa lako limetandikwa plastiki ndani, kila sehemu rampu inapogusa ukuta weka raba, la sivyo utaniandikia tena kuhusu kuvuja.

Ikikamilika, kabla ya mbwa ipande wewe, au ikandamize kwa mikono kwa uzito wako wote. Ikiyumba, mrudishie fundi. Rangi juu yake nyeupe au njano kama nilivyosema kwa dada wa Bosi, wengi wanapaka bluu ili ifanane na bwawa, sasa ikifanana na bwawa mbwa ataionaje? Mfundishe kuipanda ikiwa chini kwenye nyasi kwanza, akiipenda ndo mhamie majini. Na ikae majini muda wote. Nimeona rampu nzuri kuliko zote za ukurasa huu, imesimamishwa stoo kwa sababu inaharibu picha za wageni.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mbwa wetu ana miaka 13, macho yana ukungu na kiuno kinamuuma, ila kila asubuhi lazima azunguke bwawa. Nimfundishe rampu?

JIBU: Marahaba. Mwekee rampu, haina hasara, lakini huyu mzee usimtegemee. Asiyeona hataiona, na kiuno kile kikipigwa na maji baridi ghafla kitagoma. Wa umri huo, pamoja na watoto wa mbwa, na wenye kifafa, dawa yao ni fensi. Mita 1.2 kwenda juu au zaidi, nafasi kati ya vyuma zisizidi sentimita 10 (kama mbwa mdogo punguza zaidi, pima na kichwa chake), na geti linalojifunga lenyewe, maana geti la kufunga kwa mkono siku moja litaachwa wazi na atakayeliacha ni mgeni. Kama nyumba ina kimlango cha mbwa, hakikisha hakimtoi moja kwa moja bwawani. Zipo pia kola zinazopiga kelele zikilowa, sio mbaya ila kumbuka inalia mbwa akiwa tayari majini, na inamlilia nani kama mko kazini?

SWALI: Nina Bulldog anapenda maji kufa. Anaweza kujifunza kuogelea?

JIBU: Bulldog ni jiwe lenye furaha. Kichwa kizito, kifua kipana, miguu mifupi, nyuma inazama, na ili pua fupi ile ibaki juu inabidi ainue kichwa, akiinua kichwa nyuma inazidi kuzama. Mwache achezee pale anaposimama maji yakiwa chini ya kifua, na jaketi la kuelea lenye mpini mgongoni lisimtoke hata hapo. Pug, Dachshund na Basset habari zao zinakaribiana.

Na nyie wenye Labrador msicheke. Ana ngozi kati ya vidole na ataogelea mpaka kesho, ila ukuta wima nae haupandi.

SWALI: Huwa tunafunika bwawa na lile plastiki la vimalengelenge linaloelea, la kupasha maji. Naona ni usalama pia maana mbwa haoni maji. Niko sawa?

JIBU: Hapana hapana hapana. Hilo toa kichwani leo. Mbwa akiona lile anaona sakafu, anakanyaga, linazama chini yake, pembeni linamfunika, na anapojaribu kurudi juu anakutana na plastiki badala ya hewa. Hata rampu hataifikia. Afadhali bwawa wazi kuliko bwawa lenye lile bila fensi, nasema hivyo na nitarudia. Yapo maturubai mengine ya usalama, yanavutwa yakakaza na kufungwa kwenye vyuma vilivyochimbiwa kwenye sakafu pande zote, yale yanabeba uzito. Ukitaka kujua lako ni lipi, sukuma katikati kwa fimbo ya kusafishia: likibonyea na maji yakaja juu, halimbebi mbwa. Na hata lile la usalama, mvua ikinyesha ikatuama juu, kile kidimbwi kikaushe.

Hili nilikutana nalo siku nasafisha, ndo maana nimepandisha sauti.

SWALI: Jana tumemrushia mbwa mpira majini kama saa nzima. Baadae akatapika maji matupu, tumbo kubwa, akawa anayumba kama kalewa. Leo mzima. Itakuwa klorini?

JIBU: Klorini inasingiziwa sana. Bwawa lililopimwa vizuri lina kiasi kidogo, akilamba kidogo haimuangushi (vidonge vyenyewe na unga ndo sumu, fungia). Ulichoeleza kinafanana kabisa na kunywa maji mengi kupita kiasi. Kila akidaka mpira mdomo uko wazi, anameza, mara moja mara mbili si kitu, mara 80 ni lita. Maji yakizidi mwilini chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba, ndo huko kuyumba, kutapika, udenda mwingi, macho kama kioo, na ikiendelea anapata degedege na anaweza kufa siku hiyohiyo. Nyie mmebahatika. Siku nyingine ukiona anayumba usisubiri kesho, ni daktari wa wanyama saa ileile, na mwambie daktari kwamba alikuwa anaogelea, bila hivyo anaweza kuhangaika na sumu.

Kuzuia ni rahisi, dakika 10 majini, kisha nje apumzike akojoe, na badala ya mpira rusha kitu bapa ambacho anakibana kwa meno bila kufungua mdomo mpana. Bwawa la chumvi nalo si salama kumnywesha, lina gramu 3 au 4 za chumvi kwa lita wakati bahari ina kama 35, kwa hiyo halimtapishi haraka kama bahari ila ndoo ya maji safi iwepo pembeni. Kiu ndo inamfanya anywe bwawa.

SWALI: Nikimkuta tayari amekwama, namtoaje? Ana kilo 40. Na akiwa amezama je?

JIBU: Swali hili lilikuja mara nyingi kuliko yote. Kama yuko ukingoni usirukie majini, lala kifudifudi, mshike mkanda au kola na umkokote kando ya ukingo, yeye akiwa bado anaelea, mpaka kwenye ngazi au rampu. Kilo 40 zikiwa zinaelea ni nyepesi, zikitoka majini ni kilo 40 pamoja na manyoya yaliyolowa, na kumnyanyua kwa kola ni kumnyonga. Mikono yote miwili ikishamshika unaweza kutulia kidogo, keshapona, vuta pumzi.

Kama yuko katikati na lazima uingie, mwendee kwa nyuma. Kwa mbele atakupanda, sio kwa ubaya, wewe ndo kisiwa pekee alichonacho, na kucha zile zitakuchana kifua na kukuzamisha. Pitisha mkono chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mwelekee ngazi.

Akiwa hapumui, mlaze ubavu, kichwa kiwe chini kidogo kuliko mwili, vuta ulimi mbele, toa chochote kilichoko mdomoni, maji yatiririke. Usimning'inize miguu na kumzungusha, hiyo naisikia bado. Hapumui na hashtuki ukimwita? Kandamiza kifua, sehemu pana kabisa ya ubavu, kiingie theluthi mpaka nusu ya upana wake, kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukifika 30 funga mdomo wake kwa mkono na pulizia puani mara 2, uone kifua kinapanda, rudia. Mwingine awashe gari, msisubiri mpaka azinduke ndo mwende.

Na hata akizinduka, akajikung'uta, akatikisa mkia na kukuomba chakula, nenda nae. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida saa kadhaa baadae, anaanza kupumua haraka, kukohoa, fizi zinapauka au kuwa za bluu, na hapo mara nyingi ni usiku. Mkaushe na taulo njiani, mbwa aliyekaa majini muda mrefu anapoa hata kama nje kuna jua.

SWALI: Na paka je?

JIBU: Rampu ileile. Mi kwenye ile yangu nimemkuta paka wa jirani mara moja, na vyura karibu kila asubuhi.